Kengele ya saa nne: mapumziko yanamfanyia mtoto nini, na kwa nini mara nyingi hayamfikii

Mtihani wa darasa la nne au la saba ukikaribia, kitu cha kwanza kukatwa kwenye ratiba ya shule huwa ni mapumziko. Kipindi cha michezo kinageuzwa kuwa cha hisabati, nusu saa ya saa nne inabaki dakika kumi, na jioni yanawekwa masomo ya ziada. Nia ni njema: mtoto apate muda zaidi na mwalimu. Kasoro iko kwenye hesabu. Inachukulia kwamba dakika ya tatu ya kukaa kwenye dawati na dakika ya mia moja na ishirini zina thamani moja kwa mtoto wa miaka tisa. Hazina, na hilo limepimwa.

Mkanganyiko mwingi kwenye mada hii unatokana na kuweka mambo manne kwenye kapu moja. Mtu akisema "watoto wa shule yetu wanacheza", anaweza kuwa anazungumzia mchakamchaka wa asubuhi, kipindi cha michezo, timu inayojiandaa na UMITASHUMTA (mashindano ya michezo ya shule za msingi Tanzania), au mapumziko yenyewe. Mchakamchaka unachangamsha mwili na nyimbo zake zina raha, lakini mtoto haamui chochote humo: anakimbia kwa kasi ya kundi, anakoelekezwa. Kipindi cha michezo, ambacho kwenye mtaala wa Tanzania wa 2023 kimo ndani ya somo la Sanaa na Michezo, kinafundisha ujuzi: kurusha, kudaka, kuruka na kutua bila kuumia. Timu ya shule inawahusu wachache wenye vipaji, na waliobaki wanashangilia pembeni. Mapumziko peke yake ndiyo muda ambao mtoto anachagua mwenyewe acheze nini, na nani, kwa kanuni zipi, na ugomvi ukitokea aumalize vipi. Ndiyo maana jambo moja halifidii jingine. Shule yenye kombe la mkoa ofisini inaweza kuwa na mamia ya watoto ambao hawachezi kabisa.

Kichwa kinachochoka

Miaka ya 1990, mtafiti Anthony Pellegrini na wenzake walifanya jambo rahisi kwenye shule za msingi za Marekani: walibadilisha saa ya mapumziko na kuangalia watoto wanafanya nini darasani kabla na baada yake. Kadiri mapumziko yalivyocheleweshwa, ndivyo watoto walivyozidi kujigeuzageuza kwenye viti na kuondoa macho kwenye kazi. Wakitoka na kurudi, umakini ulirudi pia. Walipojaribu mapumziko ya ndani ya jengo, matokeo yalielekea huko huko. Maana yake ni kwamba mbio peke yake haielezi kila kitu. Kubadilisha kazi ya akili nako kunahesabika. Mtoto anayepiga soga chini ya mwembe naye anapumzika kweli.

Mbio nazo zina mchango wake. Mwaka 2009, Charles Hillman na wenzake huko Illinois waliwatembeza watoto 20 wa umri wa miaka tisa hivi kwenye mashine ya kutembelea kwa dakika 20, kisha wakawapa majaribio. Siku nyingine watoto hao hao walikaa tu kwa muda huo. Siku ya kutembea walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio la umakini na la kuelewa walichosoma. Kundi lilikuwa dogo na manufaa yaliyopimwa ni ya muda mfupi, lakini mwalimu wa saa tano asubuhi anahitaji hasa huo muda mfupi.

Je, alama za mtihani zinapanda? Hapa watetezi wa michezo huahidi kupita kiasi. Mwaka 2010 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikusanya tafiti 50 zenye ulinganisho 251 kati ya mazoezi ya mwili shuleni na masomo. Zaidi kidogo ya nusu ya ulinganisho huo, asilimia 50.5, ulionesha manufaa. Asilimia 48 haukuonesha uhusiano wowote wa maana. Uliokuwa na athari mbaya ni asilimia 1.5 tu. Tafiti hizo hazisemi kwamba kila anayeruka kamba atapata A. Zinasema kuwa muda uliotolewa kwenye masomo ukapewa mwili kwa kawaida haushushi ufaulu. Kwa mwalimu mkuu anayeogopa matokeo ya taifa, hilo ndilo jibu la hofu yake.

Utafiti mwingine wa 2009, uliohusisha watoto takriban 11,000 wa miaka minane na tisa nchini Marekani, ulikuta kwamba waliopata mapumziko ya zaidi ya dakika 15 kwa siku walipewa na walimu wao alama nzuri zaidi za tabia darasani. Tahadhari inahitajika: watoto wa familia maskini ndio waliokosa mapumziko zaidi, kwa hiyo si tofauti yote inayoweza kubebeshwa mapumziko. Hata hivyo, mwelekeo ni ule ule.

Mwili, mifupa na macho

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha hadi moyo uende mbio kiasi, na angalau siku tatu kwa wiki afanye mambo yanayoimarisha misuli na mifupa. Mapumziko ya dakika 30 hayawezi kubeba mzigo huo peke yake, hasa kama mtoto anatumia nusu yake amesimama. Kwa hiyo ni lazima kujua mtoto gani anazungumziwa. Wa kijijini anayetembea kilomita tatu kwenda na tatu kurudi ameshapata dakika zake njiani. Yeye anahitaji zaidi ule uhuru wa kucheza, maji na kitu tumboni. Wa mjini anayechukuliwa na basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudishwa jioni, kisha akakaa mbele ya runinga, hana dakika nyingine yoyote. Akinyimwa mapumziko, siku yake nzima imepita ameketi.

Mifupa inajengwa kwa mishtuko midogo ya kutua. Utafiti wa Oregon uliochapishwa 2001 uliwapa watoto ambao bado hawajabalehe kazi ya kuruka kutoka kwenye masanduku ya sentimita 61, mara 100 kwa kila zoezi, siku tatu kwa wiki, kwa miezi saba. Madini ya mifupa ya nyonga na kiuno yaliongezeka kuliko kwa wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Hakuna haja ya masanduku, na tusingeshauri watoto warukie sakafu ya saruji kutoka juu kiasi hicho bila usimamizi. Kuruka kamba kuna mshtuko mdogo kuliko huo, ila ni wa aina ile ile, na binti aliyezoea kamba anafikisha miruko 100 kabla ya zamu yake kwisha.

Macho yamesahaulika kabisa. Kutoona mbali kumeongezeka sana kwa watoto wa Asia Mashariki, na kinga mojawapo iliyojaribiwa ni kuwatoa nje. Katika shule 12 za Guangzhou, China, nusu ziliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo hilo walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya 39.5 kwenye shule ambazo hazikuongezewa. Kaohsiung, Taiwan, shule iliyowataka watoto wote watoke darasani wakati wa mapumziko ilipata wagonjwa wapya asilimia 8.41 kwa mwaka, na shule ya kulinganishia 17.65. Inaaminika kwamba mwanga mkali huchochea dopamini, kemikali ya mwili, kwenye jicho, nayo huzuia jicho kurefuka kupita kiasi. Mwanga wa chini ya mti ni mkali mara kadhaa kuliko wa ndani ya darasa, kwa hiyo haihitajiki kumwanika mtoto juani.

Rede kama darasa

Utazame mchezo wa rede kwa dakika tano, ule ambao Zanzibar wana nage na Kenya wana kati. Warushaji wawili wanasimama pande mbili, hatua kumi hivi kati yao, na mpira wa soksi uliofungwa kwa uzi. Katikati yuko mmoja anayejaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa. Anainama, anachota, anasikia mguu wa mrushaji nyuma yake, anaruka kando, chupa inaanguka, anaisimamisha tena. Halafu mpira unapita karibu na sketi yake. "Umeguswa!" "Sijaguswa, ni nguo!" Hapo mchezo unasimama na kesi inaanza. Je, nguo inahesabika? Jana iliamuliwaje? Nani shahidi? Asipopatikana mwafaka, wanarudia mrusho. Akikasirika mmoja na kuondoka, mchezo unavunjika, na kila mmoja analijua hilo. Kwa hiyo wanajifunza kupunguza madai yao.

Hakuna mtu mzima aliyewafundisha hilo, na mtu mzima akiwahi kuingilia analiharibu. Mwalimu wa zamu aache kesi kama hizi ziishe zenyewe, aingilie pale tu panapokuwa na kipigo, matusi ya kumdhalilisha mtoto, au mmoja anayefukuzwa kila siku kwenye kila mchezo.

Nusu saa inaishia wapi

Shule nyingi zina mapumziko kwenye ratiba na hazina mapumziko uwanjani. Kinachoyala zaidi ni foleni.

Chukua shule yenye wasichana 300 na matundu sita ya choo: wasichana 50 kwa tundu, wakati kiwango cha Tanzania ni 20 (kwa wavulana 25). Kengele ikilia, tuseme nusu yao wanataka kwenda. Ni 25 kwa kila tundu. Kila mmoja akitumia dakika mbili, wa mwisho anatoka baada ya dakika 50, na mapumziko yalikwisha dakika 20 zilizopita. Mtoto huyo ama hakucheza, ama amerudi darasani amebana mkojo. Wasichana ndio wanaoumia, kwa sababu wavulana hupitisha haraka. Ukiongeza foleni ya bomba na ya uji, utaelewa kwa nini wengi wanaonekana uwanjani wamesimama tu.

Kujenga matundu ndiyo dawa, lakini inachukua bajeti na muda. Mambo mawili yanawezekana wiki ijayo. La kwanza ni kutenganisha mapumziko: darasa la kwanza hadi la tatu watoke saa 3:40, la nne hadi la saba saa 4:10. Foleni inapungua karibu nusu, na wadogo hawakanyagwi na wakubwa. Kelele za uwanjani zitasikika kwenye madarasa yanayoendelea, kwa hiyo wapewe upande wa uwanja ulio mbali nayo. La pili ni kuruhusu safu moja moja kwenda chooni katika dakika kumi za mwisho za kipindi. Kwa kunawa, kibuyu chirizi kimoja kwa kila darasa, kilichofungwa nje ya mlango, kinaondoa msongamano kwenye bomba moja. Kinajazwa asubuhi na wa zamu. Kikiachwa bila msimamizi, kwa kawaida sabuni ndiyo inayotoweka kwanza.

Uji una ubishi wake. Marekani imeonekana kwamba watoto wakicheza kabla ya chakula cha mchana wanakula matunda na mboga zaidi, kwa sababu hawabugii ili wawahi uwanjani. Kwa chakula cha mchana tunakubaliana na hilo. Kwa uji wa saa nne, hapana: shule ambayo watoto wengi wametoka nyumbani bila kula itoe uji kwanza, ugawiwe darasani kwa viranja wawili, dakika kumi, ndipo watoke. Mwenye njaa hachezi, anakaa kivulini.

Hesabu pia dakika za kutoka na kurudi. Kutoka huchukua dakika mbili tatu, kurudi, kunawa na kutulia dakika tano. Mapumziko ya "dakika 15" kwa kweli ni ya dakika saba au nane. Tungependelea dakika 30 kamili asubuhi na nyingine 10 hadi 15 mchana, na kengele mbili: ya kwanza ya kunywa maji na kunawa, ya pili ya kuingia. Shule za Finland hutoa kwa kawaida dakika 15 kwa kila 45 za somo. Si lazima kufika huko, lakini vipindi vitatu vya dakika 40 mfululizo ndio mwisho wa uvumilivu wa mtoto wa msingi.

Uwanja na vifaa

Uwanja usipogawanywa, mpira wa miguu huchukua katikati yote, wavulana wakubwa huchukua mpira, na wengine hubaki kando ya kuta. Gawa kwa chokaa au majivu: eneo la mpira liwe nusu ya uwanja tu na liende kwa zamu ya madarasa, siku moja moja, ikiwemo siku ya wasichana. Nusu ya pili iwe na ukanda wa kamba, viwanja viwili vitatu vya rede, mistari ya mbio na ya kuruka mguu mmoja, na sehemu tulivu yenye kivuli kwa mdako na gololi. Mistari tu inasaidia: tafiti za Uingereza zilionesha watoto wakijishughulisha zaidi sakafu ya uwanja ilipochorwa michezo.

Vifaa ni vya bei ndogo. Kamba ndefu ya wawili kuzungusha iwe na mita tano hadi sita, nene kama kidole kidogo. Nyepesi mno haizunguki vizuri kwenye upepo. Kamba ya mmoja hupimwa hivi: kanyaga katikati, ncha zifike kwapani. Kamba ndefu moja inatosha watoto wanane hadi kumi, wakizidi hapo wengi wanasubiri zamu. Matairi ya zamani yaliyozikwa nusu ni mazuri ya kuruka na kupenya, lakini toboa matundu au jaza udongo. Tairi likituamisha maji linazalisha mbu wa Aedes, wanaoeneza dengi, na Dar es Salaam imeshapata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019.

Kinachoumiza kwa kweli si mchezo bali mambo yasiyokaguliwa. Magoli ya chuma yasiyochimbiwa chini huangukia watoto wanaoning'inia na yanaweza kuua. Yachimbiwe au yalazwe chini mchezo ukiisha. Zamu ya asubuhi izunguke uwanja kwa dakika tano kuokota vioo, misumari na mawe, na kuangalia mfuniko wa shimo la maji taka. Walimu wa zamu wawe wawili, mmoja aone vyoo na nyuma ya madarasa, kwa sababu uonevu haufanyikii katikati ya uwanja.

Mtoto mwenye selimundu acheze, ila anywe maji mara kwa mara, apumzike anaposema amechoka, na asilazimishwe mbio za kushindana wala kuachwa na nguo zilizolowa. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni au kwa mwalimu wa zamu, isifungiwe ofisini. Mwenye ualbino kofia pana, mikono mirefu na michezo ya kivulini. Kwa asiyeona vizuri, funga mpira kwenye mfuko wa plastiki unaochakacha, ausikie unakotoka.

Mapumziko si deni

Adhabu iliyozoeleka ni kumwacha darasani aliyekosa kazi ya nyumbani, au kumpa ufagio wenzake wakicheza. Anayenaswa na adhabu hii mara nyingi ni yule yule asiyetulia, ambaye alihitaji kutoka kuliko wote, na vipindi vinavyofuata anakuwa msumbufu zaidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitamka 2013 kwamba mapumziko yasiondolewe kwa sababu ya adhabu wala masomo. Kuchota maji na kufagia kunachosha misuli sawa na mchezo, lakini hakuna hiari, na bila hiari si mchezo.

Mzazi akilisema hili kwenye kikao hajaleta jambo la kigeni. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inataja haki ya kucheza na kupumzika katika wajibu wa mzazi mwenyewe. Mkataba wa Afrika wa haki na ustawi wa mtoto wa 1990 unaitaja kwenye kifungu cha 12. Kenya, kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinaweka masomo ya darasani kati ya saa 2:00 asubuhi na 9:30 alasiri, kisha hadi 10:45 ni michezo na shughuli nyingine.

Anayetaka kujua hali ya shule yake asiulize ofisini. Asimame pembeni ya uwanja siku tatu, na kila baada ya dakika tano ahesabu mara moja, akitenganisha wasichana na wavulana: wangapi wanakimbia au kuruka, wangapi wanatembea, wangapi wamesimama au kukaa, wangapi wako kwenye foleni, wangapi wamebaki darasani. Kisha shule ibadilishe jambo moja tu, kwa mfano kutenganisha saa za kutoka, na ahesabu tena wiki mbili baadaye. Safu ya foleni ndiyo ya kuangalia kwanza.